Sindano Kwanza au Spika Kwanza? Historia Fupi ya Ubishi Mrefu

Wanaokuja hapa kutafuta msimbo wa programu wanisamehe, leo hakuna. Leo ni santuri. Kwa wiki tatu sasa kila nikitoka kazini ninakaa sakafuni na bisibisi ndogo, ile ya kukazia miwani, nikihangaika na mashine ya kuchezea santuri (babangu huiita kinanda), na katika kuhangaika huko nimesoma historia kuliko nilivyosoma tangu kidato cha nne.

Chanzo ni katoni moja ya mzee. Ndani mna santuri ndogo za mzunguko wa 45, themanini na kitu hivi, alizonunua Nairobi tangu miaka ya 60 mpaka mwanzo wa miaka ya 80. Fadhili William yumo, Daudi Kabaka yumo, na wengine wengi ambao ukiwatafuta mtandaoni hupati hata mstari mmoja. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Wimbo wa Beatles ukikwaruzika nyumbani kwangu, dunia haijapoteza kitu. Lakini kuna santuri katika katoni ile ambazo sijawahi kukutana na nakala ya pili, wala kwa wauzaji wala kwa marafiki wa mzee.

Na moja niliiharibu mwenyewe. Nilikuwa nimenunua ile mashine ya bei rahisi inayofungwa kama sanduku la safari, spika zikiwa ndani yake. Nikaupenda wimbo mmoja, nikaucheza labda mara hamsini. Siku moja mzee akaja kunitembelea, akausikiliza, akakunja uso. "Huyu kijana mbona siku hizi ana kithembe?" Kila "s" ilikuwa imegeuka mchanga unaomwagwa kwenye bati. Baadaye nilipopima kwa mizani ndogo ya kidijitali, nikakuta sindano ilikuwa ikiikandamiza santuri kwa gramu 6, wakati katriji ya kawaida nzuri huhitaji karibu 2. Mzee sikumwambia kitu.

Basi nikaamua kununua vifaa vya maana, na hapo ndipo vita vilipoanza. Fedha zenyewe ni za mtu mwenye karo ya shule. Ukiuliza uanze na nini, mmoja atakuambia spika, mwingine mashine yenyewe, mwingine sindano, na kila mmoja ana uhakika kama mhubiri. Sisi waandishi wa programu tuna kanuni: usiboreshe kabla ya kupima, tafuta kwanza foleni inaanzia wapi. Nikajiuliza, hawa wote majibu yao waliyatoa wapi? Kumbe kila jibu lina mwaka wake na mji wake.

Tuanze na kitu chenyewe. Columbia ya Marekani ilitoa LP ya mzunguko wa 33⅓ mwaka 1948, na RCA Victor wakajibu kwa santuri ya 45 mwaka 1949. Mfereji wa upande mmoja wa LP ya dakika 20 ukiunyoosha unakaribia urefu wa nusu kilomita, na sindano inausafiri wote. Pale nje mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde. Ukifika ndani karibu na lebo, kasi imeshuka hadi karibu 21, kwa sababu duara limekuwa dogo na mzunguko ni ule ule. Yaani habari ile ile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Santuri ya 45 ina unafuu kidogo: huanza na karibu 39 na kumalizia karibu 25. Shika namba hizi, tutazihitaji.

Jambo la pili ni makubaliano ya mwaka 1954. Kabla ya hapo kila kampuni ilikata santuri zake kwa namna yake. Besi nzito hutanua mfereji na kula nafasi, kwa hiyo hupunguzwa wakati wa kukata, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mikwaruzo. Mchezaji naye lazima ageuze yote hayo. Mwaka huo chama cha makampuni ya santuri cha Marekani, RIAA, kikaweka mchirizo mmoja: wakati wa kucheza, besi ya hezi 20 inapandishwa karibu desibeli 20, na sauti ya hezi 20,000 inashushwa karibu kiasi hicho hicho. Ndiyo maana huwezi kuchomeka mashine ya santuri kwenye amplifaya popote tu. Lazima kuwe na kisanduku cha fono cha kugeuza mchirizo huo na kuzikuza milivolti nne au tano za katriji ya sumaku karibu mara mia. Kwangu mimi huu ni mfano mzuri kuliko yote wa viwango: miaka sabini imepita na santuri iliyokatwa leo bado inafuata namba zile zile. Ni programu gani tuliyoandika sisi itakayosomeka baada ya miaka sabini?

Haya, turudi kwenye ubishi. Katika miaka ya 50 na 60 jibu lilikuwa spika, na halikuwa jibu baya. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha Acoustic Research kule Cambridge, Massachusetts. Villchur aligundua kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku inaweza kufanya kazi ya springi ya spika, na ghafla besi ya kweli ikatoka kwenye sanduku dogo. Kwa watu wa wakati ule spika ndiyo iliyokuwa foleni yenyewe.

Lakini Villchur huyo huyo mwaka 1961 akatoa mashine ya santuri, AR XA, kwa bei isiyofika dola 80. Ujanja wake ulikuwa rahisi mno. Sahani na mkono alivifunga kwenye kipande kimoja cha chuma, akakining'iniza kwa springi tatu, mbali na mota na sanduku. Mota ikazungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Ukiligonga sanduku, sahani na mkono vinayumba pamoja, kwa hiyo sindano haihisi kitu. Uhandisi wa kweli, bei ya mfanyakazi wa kawaida. Mwaka 1965 Thorens wa Uswisi wakatoa TD 150 kwa wazo hilo hilo.

Sasa nenda Glasgow mwaka 1973. Ivor Tiefenbrun, ambaye babake alikuwa na karakana ya uhandisi, anaanzisha kampuni ya Linn na kuuza mashine moja, Sondek LP12. Ukiifungua chini unakuta nini? Springi tatu, mkanda, sahani na mkono kwenye kipande kimoja. Ukoo ule ule wa AR na Thorens, ila umetengenezwa kwa ustadi mkubwa zaidi, hasa beringi ya sahani. Kilichokuwa kipya kabisa ni hoja aliyotembea nayo madukani: kilichopotea kwenye chanzo hakirudi. Spika ya dhahabu haiwezi kutoa noti ambayo sindano haikuisoma. Kwa hiyo anza na mashine, halafu mkono, halafu katriji, na spika ziwe za mwisho. Linn walisisitiza hata kwamba katika chumba cha kusikilizia dukani kusiwe na spika nyingine zaidi ya zile zinazocheza, kwa sababu spika zilizokaa kimya nazo hutetemeka.

Mtu wa kompyuta hawezi kuikataa hoja hiyo. Takataka zikiingia, takataka hutoka. Lakini tazama kinachofuata. Mashine iliyozaliwa kutokana na wazo la dola 80 ikawa ngazi isiyo na mwisho: 1982 umeme mpya ulioitwa Valhalla, 1993 beringi mpya ya Cirkus, 2020 beringi nyingine ya Karousel. Wa kuwasifu ni kwamba mwenye LP12 ya zamani anaweza kufungiwa nyingi kati ya sehemu hizo, jambo ambalo watengenezaji wa simu zetu hawalijui. Halafu 2023, kuadhimisha miaka 50, likatoka toleo la mashine 250 tu, pamoja na kampuni ya Jony Ive yule wa Apple, kwa pauni 50,000 kila moja. Villchur sijui angesema nini.

Mwaka huo huo wa 1973 kampuni ya Rega nayo ilianzishwa Uingereza, na Roy Gandy na mwenzake Tony Relph. Wao walikwenda upande mwingine kabisa. Hakuna springi. Ubao mwepesi, mgumu, na mkono uliobana vizuri. Mwaka 1983 walitoa mkono wa RB300, bomba lake na kichwa vikiwa kipande kimoja cha alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, na kwa bei yake uliwatia aibu wenye mikono ya bei kubwa. Nauona kuwa kifaa cha maana kuliko vyote vya kipindi hicho, na sababu yangu ni ya mtu maskini: ulishusha bei ya kitu kizuri.

Na Wajapani? Jibu lao lilikuwa mota. Technics walitoa SP-10 mwaka 1970, bila mkanda wowote, sahani ikikaa moja kwa moja juu ya mota. SL-1200 ikafuata 1972, na toleo la MK2 lenye kudhibitiwa na kioo cha kwazi likaja 1979. Wapenzi wa muziki wa Uingereza waliibeza kwa miaka mingi kama chombo cha disko. Madijei waliikumbatia na ndio walioiweka hai, mpaka ilipoachwa kutengenezwa 2010, kisha ikarudi 2016.

Hapa lazima nisimulie kisa changu, maana ndipo nilipoielewa hoja ya mota. Binamu yangu aliyeko Marekani aliniletea kwenye mizigo yake mashine ya mkanda ya miaka ya 70. Nikaitafutia transfoma ya kushusha volti 240 ziwe 110, nikawasha. Taa ikawaka, sahani ikazunguka, na mwimbaji akaanza kuimba kama aliyetoka kuzika. Nikaipeleka kwa fundi wa Luthuli Avenue nikiamini mota imechoka. Hakuifungua hata. "Bosi, transfoma yako haina makosa. Inabadilisha volti, haibadilishi hezi."

Lo! Mota ya aina ile hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Marekani ni hezi 60, kwetu ni 50. Mzunguko wa 45 ukawa 37.5, na muziki ukashuka zaidi ya nusutoni tatu. Dawa yake ni ya kizamani: gurudumu dogo la mota linalobeba mkanda liongezwe unene kwa asilimia 20. Fundi wa kukereza vyuma kule Kariobangi akanichongea. La kwanza lilitoka polepole kwa karibu nusu ya asilimia, kwa kosa langu, kwa sababu nilisahau kuhesabu unene wa mkanda. La pili likakaa.

Kupima nako kuna mtego. Chini ya taa ya tyubu ya zamani, inayopepesa mara 100 kwa sekunde, duara la karatasi lenye mistari 180 huonekana limesimama tuli mzunguko ukiwa 33⅓ kamili. Niliandika programu fupi ya kulichora, nikalichapisha, mistari ikasimama, nikashangilia. Kisha nikakumbuka kwamba taa na mota vinakula umeme ule ule. Gridi ikilegea, vyote vinalegea pamoja, na mistari haitasogea. Kipimo kilikuwa kinajithibitisha chenyewe, kosa ambalo nimewahi kulifanya kazini pia. Sasa utaona kwa nini Valhalla ya Linn ilijitengenezea hezi 50 zake yenyewe kwa kwazi, na kwa nini mtu aishiye mahali umeme unapoyumba asiibeze Technics.

Tunakuja kwenye mkono na katriji, na hapa ndipo wengi hutupa fedha. Mkono na sindano ni kama uzito uliotundikwa kwenye springi, na springi hiyo ni kale kafimbo kanakobeba almasi. Vina mtetemo wao wa asili. Fomula inatoshea kwenye mstari mmoja: gawanya 159 kwa kipeuo cha pili cha uzito mara ulegevu, uzito ukiwa gramu za mkono, katriji na skrubu pamoja, na ulegevu ukiwa namba iliyo kwenye karatasi ya katriji. Unataka jibu liangukie kati ya hezi 8 na 12. Chini zaidi, sindano inayumbishwa na santuri iliyopinda na hatua za watu sakafuni. Juu zaidi, unakaribia muziki wenyewe.

Historia ya mtindo imo ndani ya fomula hiyo. Miaka ya 60 na 70 fasheni ilikuwa katriji laini kabisa kama Shure V15, na mikono myepesi kama SME 3009 ikaenda nazo. Baadaye upepo ukageukia katriji ngumu zaidi zenye koili inayosogea, kama Denon DL-103 iliyoundwa Japani kwa ajili ya utangazaji wa NHK mwanzoni mwa miaka ya 60 na inayouzwa hadi leo. Weka katriji ngumu na nzito, ulegevu 8, kwenye mkono wa gramu 6, na jibu linaruka hadi karibu 14. Weka laini ya ulegevu 35 kwenye mkono wa gramu 16, jibu ni chini ya 6. Vifaa vyote viwili ni vizuri, ndoa ndiyo mbaya. Ukishawahi kupigana na matoleo ya maktaba za programu yasiyopatana, unaijua hali hii. Usinunue kitu kwa kuwa kilisifiwa. Kilisifiwa kikiwa na nani?

Na sindano sasa. Rudia zile namba za mwanzo. Mwisho wa santuri ya 45 mfereji unakwenda sentimita 25 kwa sekunde. Sauti ya hezi 10,000, pale "s" inapokaa, inachukua maikroni 25 tu za mfereji. Sindano ya duara ya kawaida ina nusu kipenyo cha maikroni 15 hadi 18. Haiingii kwenye kona hizo, inaparuza tu. Ndiyo sababu katika miaka ya 60 zikaja ncha za duaradufu, pana mbele na nyembamba ubavuni, karibu maikroni 8. Mwanzoni mwa miaka ya 70 JVC walitaka santuri ya chaneli nne inayobeba mawimbi hadi karibu hezi 45,000, na Norio Shibata akachonga ncha ya umbo jipya ili iweze kuyasoma. Chaneli nne zilikufa, ncha ya Shibata ingali inauzwa. Sasa ongeza gramu 6, ncha iliyolika, na kijana asiyejua. Kithembe kimepatikana.

Hilo ndilo lililoamua bajeti yangu. Hoja ya spika ni ya mtu ambaye chanzo chake ni salama. Hoja ya Linn ni ya mtu mwenye dukani pa kununua LP nyingine. Kwangu sindano ndiyo kifaa pekee kinachoweza kuua kile ninachokisikiliza, hivyo ikapata fungu la kwanza: katriji ya Audio-Technica ya VM95E, duaradufu, gramu 2. Niliichagua pia kwa sababu mwili wake unapokea ncha za aina zote za jamaa yake, toka duara mpaka Shibata, hata ya santuri za 78, kama kubadilisha RAM. Fungu la pili lilikuwa mizani na karatasi. Pembe ya katriji kwenye mkono ilikokotolewa na Erik Löfgren wa Sweden mwaka 1938, miaka kumi kabla ya LP kuzaliwa, na hesabu yake bado ndiyo tunayochapisha. Kwa kuwa 45 huingia ndani kuliko LP, niliikokotoa upya kwa ajili yake. Gharama: karatasi mbili na jioni moja. Fungu la tatu kisanduku cha fono kidogo, hakina cha kusimulia. Spika ni zile zile.

Kuna uboreshaji mmoja wa bure kabisa. Nyingi ya santuri za zamani za mzee ni mono. Katika santuri ya mono muziki umo kwenye kuyumba kwa sindano kushoto na kulia tu. Kupanda na kushuka ni vumbi na makelele. Sindano ya stereo husoma vyote. Ukiingiza sauti kwenye kompyuta na kuchukua wastani wa chaneli mbili, yale ya kupanda na kushuka yanafutana. Mstari mmoja wa msimbo, na nusu ya mikwaruzo ikatoweka.

Jumapili mzee alikuja. Nikamwekea ile niliyoiharibu. Ncha ya duaradufu hugusa ukuta wa mfereji mahali tofauti na ile ya zamani, kwa hiyo kithembe kilipungua. Hakikuisha. Nikamweleza yote, sanduku la safari, gramu 6, mara hamsini. Alinyamaza mpaka wimbo ukaisha na mkono ukarudi.

"Upande wa pili ulikuwa ukiucheza?"

"Hapana, Baba. Ni huu tu."

"Basi geuza."